Haikuwa Piko

Najua mmeshaisikia. Bwana harusi mtarajiwa, ambaye mpaka Jumamosi asubuhi nilikuwa namwita rafiki, ameisambaza kwenye magrupu yote: la mtaa, la mpira, la tuliosoma pamoja, hadi lile la msiba wa mwaka jana ambalo hakuna aliyekumbuka kulifunga. Kwa maelezo yake, mimi, mshenga wake, mtu mzima mwenye mke na watoto, nilipaka piko kwenye masharubu na panja ili nionekane kijana mbele ya wakwe zake, nikatoka jasho, piko likachuruzika mpaka kwenye kanzu. Ametuma kwa sauti. Katikati anacheka hadi anakohoa.

Sikupaka piko. (Na wewe uliyenitumia namba ya muuzaji wa piko wa jumla, nimekuona, tutakutana.) Ilikuwa nitrati ya fedha, dawa ya kupigia picha. Najua kwa wengi wenu hiyo ndiyo imeharibu zaidi, kwa hiyo kaeni niwaelezeni, maana bila maelezo kesi yangu haina utetezi.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua wazimu wangu wa picha za vioo. Wageni, kwa ufupi: kabla ya filamu, picha ilipigwa kwenye kioo. Mwaka 1851 mchongaji sanamu mmoja wa Uingereza, Frederick Scott Archer, alitangaza njia ya kupaka kioo kolodioni, yaani pamba iliyolowekwa kwenye asidi kisha ikayeyushwa kwa etha na alkoholi. Madaktari wa enzi zile walikuwa wanaipaka hiyohiyo juu ya vidonda. Zilikuwepo picha za Mfaransa Daguerre tangu 1839, safi ajabu, lakini kila moja ni hiyohiyo moja, nakala hutoi. Zikawepo za Mwingereza Talbot, za karatasi, nakala unatoa mpaka uchoke, ila nyuzi za karatasi zinaingia usoni kwa mtu. Kioo kikaleta yote mawili, usafi na nakala. Archer hakuomba hataza, watu wakatajirika kwa kazi yake, yeye akafa 1857 hana kitu. Mtu mwenye akili angeona dalili hapo.

Ubaya wa kioo cha Archer ni kwamba hakikusubiri. Unamwaga kolodioni, unakiinamisha ifike kona zote nne, inayobaki unairudisha chupani. Ikianza kuganda unakitumbukiza kwenye beseni la nitrati ya fedha, dakika tatu au nne, gizani. Kikitoka hapo ndipo kinaona. Unakitia kwenye kisanduku chake, unakimbilia kwenye kamera, unapiga, unakimbia tena gizani kukisafisha, na yote hayo kingali kimelowa. Kikikauka, umekwisha. Uingereza walikuwa na dakika kumi au zaidi. Sisi huku pwani, ambako etha huchemka kwenye nyuzijoto 35 na Machi yetu mnaijua, tunafanya kazi hii kwa kukimbia. Roger Fenton, mpiga picha wa Uingereza, alipokwenda kupiga picha za vita ya Krimea, kule Bahari Nyeusi, mwaka 1855 alibeba giza lake kwenye gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, na joto la humo ndani likamtesa vibaya. Na ile ni Krimea. Angekuja Tanga angeomba kurudi vitani.

Sasa tuingie kwenye kesi.

Wazo lilikuwa zuri, na bado nasema lilikuwa zuri: pamoja na barua ya posa na kishika uchumba, tuwapelekee wakwe picha ya kijana wetu ikiwa kwenye kioo. Nani mwingine Tanga nzima angepeleka kitu hicho? Kioo kikipigwa kwa mwanga mdogo kidogo, fedha inakaa hafifu juu yake. Ukikiweka mbele ya kitu cheupe unaona negativu, meno meusi na macho ya jini. Ukikiweka mbele ya kitu cheusi, mtu anageuka, anatoka mzima na uso wake. Nilitaka wazee waone mgeuko huo kwa macho yao. Niliuota usiku.

Bwana harusi alikuja studio asubuhi na mapema, amenyoa, amejipulizia, ana kipele kimoja kidogo chekundu shavuni ambacho hata mama yake asingekiona. Nikamwambia asitikisike. Sekunde nane. Akatikisika. Tukarudia. Hapo sikumwambia jambo moja, kwamba kolodioni inaona rangi ya buluu tu na jamaa zake, nyekundu haiijui kabisa, inaitoa nyeusi. Kipele kikatoka na ukubwa wa kifungo cha koti. Tukarudia tena, ubavu wa pili.

Mnatakiwa mkijue chumba changu cha giza. Zamani kilikuwa stoo ya mama mwenye nyumba. Dirisha nimeliziba kwa maboksi. Taa ni ile nyekundu ya kulelea vifaranga, nimeinunua kwenye duka la pembejeo, na kazi yake ya kwanza ni kutoa joto. Feni haiwezekani kwa sababu ya vumbi. Maji natumia ya betri, haya wanayouza kwenye maduka ya spea, kwa sababu ya bombani kwetu yana chumvi na ukiyachanganya na nitrati ya fedha tu yanageuka meupe, na fedha yako yote imeishia humo. Mle ndani mtu hatoki jasho tone tone. Anayeyuka.

Glavu nilivaa. Liandikwe hilo. Nilivaa glavu.

Ila simu ikaanza. Nani anapiga? Bwana harusi, ambaye keshatoka zake, yuko kwa mama yake anakunywa chai. "Mshenga uko wapi? Gari limefika." Nikakata. Akapiga. Nikakata. Akapiga. Nikavua glavu ya kulia kwa meno, nikapokea, nikaibana simu kwa bega, mkono uleule nikafutia paji la uso, jasho lilikuwa linaingia machoni. Kioo wakati huo kiko mkono wa kushoto kinachuruzika, namwaga salfeti ya chuma, dawa ya kuitoa picha, juu yake huku nasema "nakuja, nakuja." Glavu ilipotaka kurudi haikuingia, vidole vimelowa. Nikaendelea hivyohivyo. Nikajikuna pua. Nikapangusa masharubu. Nikaweka vizuri kofia yangu ya vito, mara mbili, kwa vidole vinne.

Hapa muelewe kitu. Nitrati ya fedha haina rangi. Ni maji. Haiwashi papo hapo, hainuki, haikuambii chochote. Inakaa kwenye ngozi inasubiri mwanga.

Picha yenyewe ikatoka, wallahi, ya kutisha kwa uzuri. Nilipoitia kwenye fiksa, dawa ya kuondoa fedha isiyoona mwanga, ule ukungu wa maziwa ukaanza kujiondoa, na jamaa akatokea polepole kutoka chini, kanzu, ndevu, macho. Nikasahau gari. Mila inataka ukikaushe kioo, ukipashe kwenye taa ya spiriti, ukimwagie vanishi ya sandaraki na mafuta ya lavenda, la sivyo ile ngozi ya juu inakwaruzika kwa ukucha. Vanishi muda haukuwepo. Nikanawa kwa sabuni ya kipande, nikavaa kanzu, nikajitazama kwenye kioo cha kawaida. Nilikuwa nang'aa. Nimependeza kabisa.

Gari lilikuwa Noah ya kukodi yenye vioo vyeusi na mapazia juu yake. Ndani baba mdogo wa bwana harusi, shangazi yake, dereva, na mimi siti ya nyuma, kioo mapajani. Shangazi akageuka. "Mbona gari linanuka hospitali?" Nikasema ni etha, shangazi, ya picha. Akanusa tena. "Hospitali na pombe." Baba mdogo akasoma istighfari. Njia nzima ya kwenda Pangani nimekaa kwenye giza lile la mapazia, na uso wangu umetulia, hauna doa. Fenton na gari lake la mvinyo asingelipata giza zuri zaidi.

Tukafika saa nne na nusu. Wakatukaribisha barazani. Baraza linatazama mashariki, halina hata mwarobaini. Jua lote letu.

Tumepiga shikamoo, marahaba, za nyumbani, za safari. Kahawa ikaja, haluwa ikaja. Nimekaa katikati, mbele ya baba wa binti, mzee mpole mwenye miwani ya kamba. Kushotoni mwake bibi mzaa baba. Kuliani mjomba wa binti, polisi mstaafu, haongei. Mlangoni watoto wamejaza. Nikaanza: wazee wetu, kijana wetu amepita, ameona ua kwenye bustani yenu. Nilikuwa na sauti siku hiyo. Nikatoa bahasha, nyeupe, ya gharama, nikaishika kwa vidole vyote kumi maana ndiyo adabu, nikainama, nikamkabidhi mzee. Naye, kwa adabu ileile, hakuifungua. Akaiweka kwenye kijimeza, mbele ya wote, juani.

Nikaitoa na zawadi. Bibi akapokea kioo, akakiinua mbele ya kanga yake nyeupe, akatazama. Akatazama tena. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, bibi."

"Meno meusi?"

Nikasema la, bibi, kinahitaji kitu cheusi nyuma yake. Cheusi kilichokuwa karibu ni buibui alilolivaa mama wa binti, na nyie mnanijua, sina wazimu wa kiasi cha kunyoosha mkono huko. Nikamtazama shangazi. Shangazi akakichukua, akakisimamisha mbele ya buibui la yule mama, na kijana wetu akageuka mtu. Baraza zima likasema "Haaa!" Bibi akapiga vigelegele. Wenzangu, ile ndiyo dakika niliyoiota. Nikatabasamu, meno yote nje, nikageuza uso kwa mzee ili aone jinsi ninavyopokea sifa kwa unyenyekevu.

Mzee hakuwa anatazama kioo. Alikuwa ananitazama mimi.

Hakusema kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa. Nami nikaendelea kutabasamu kwa sababu sikuwa na habari. Nikamwona baba mdogo naye ananitazama, kisha anatazama chini. Nikamwona mjomba polisi amesogeza kichwa mbele. Nikadhani nina haluwa kwenye ndevu. Nikapangusa kwa kiganja. Kiganja, nilipokiangalia, kilikuwa na vidole vitano vyenye ncha za kahawia. Nikavitazama. Vilikuwa vinakolea nikivitazama.

Mtoto mmoja mlangoni akasema, kwa sauti ya kusomea darasani: "Mama, yule mgeni anatoka madoa kama ndizi iliyoiva sana."

Akavutwa ndani kwa sikio. Lakini limeshasemwa.

Nikainamisha macho. Kanzu. Kifuani palipokuwa peupe nilipoondoka nyumbani pana matone matatu ya hudhurungi yameshuka kwa mstari, na kwenye mkono wa kulia, ule niliofutia, pana mchirizi mzima. Nikaigusa kofia kwa kuchanganyikiwa. Shangazi akaninong'oneza bila kufungua meno: "Iache hiyo kofia. Ina vidole."

Na sasa bahasha. Naomba muione bahasha. Iko palepale mezani, juani, nyeupe, na pembeni mwake pameanza kujitokeza kitu. Kwanza kivuli. Kisha kivuli kina mistari. Kisha mistari inajipanga, inazunguka, na pale, mbele ya wazee wa pande mbili, kidole gumba changu kikajichora chenyewe kwenye barua ya posa. Kikafuata cha kushoto. Vikafuata vingine, kimoja kimoja, hakuna haraka. Nilijua kinachotokea, ndiyo sehemu chungu zaidi. Chumvi ya jasho langu imekutana na nitrati, imekuwa kloridi ya fedha, na kloridi ya fedha ikiona jua inakuwa nyeusi. Ndiyo karatasi ya Talbot hiyo! Nilikuwa naisoma kwa miaka, na sasa naitengeneza barazani kwa watu bila kukusudia, nikiwa nimeshika kikombe cha kahawa.

Mjomba polisi ndipo akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu tufike. Akaiinua bahasha kwa ncha za kucha, akaigeuza, akaona na nyuma viko. "Zamani," akasema, "kuna wahalifu tuliwatafuta kwa dawa hii. Unapaka karatasi, unaiweka kwenye mwanga, vidole vinatoka." Akanitazama usoni, mashavu, pua, paji. "Huyu kajipaka mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo nataka mjue. Wangecheka ningepona. Watu wa Pangani wana adabu, wakanyamaza kwa adabu, na mimi nikabaki na uso unaoendelea kuiva. Kwa mahesabu yangu ya kitaalamu kidole kimoja kilikuwa pajini, viwili puani, shavu la kulia lote lina umbo la simu, na masharubu, ndugu zangu, masharubu yangu yenye mvi yalikuwa meusi tii. Meusi kuliko nilivyokuwa na miaka ishirini. Nikiwa mkweli yalinipendeza. Ndipo baba wa binti, kwa upole wote alioubakiza, akaniinamia sikioni.

"Mshenga," akasema, "piko la siku hizi halifai. Linachuja."

Ningemjibu nini? Nianze na Archer? Nikasema, "Kweli, mzee wangu."

Hilo ndilo neno alilolisikia shangazi. Hilo ndilo alilompelekea bwana harusi. Na bwana harusi ndiye aliyewaletea nyie, bila kioo, bila bibi na vigelegele vyake, bila kusema nani alikuwa anapiga simu asubuhi ile.

Yaliyobaki si mengi. Barua ikasomwa, wakasema watatujibu, tukala pilau, mimi nikakaa upande wa kivuli. Kioo, kwa kuwa hakikuwa na vanishi, watoto walikipitisha mkono kwa mkono na bwana harusi sasa ana mkwaruzo kutoka sikioni hadi shingoni, bibi anasema anafanana na mwanajeshi na hataki kukirudisha. Jibu limekuja juzi, wamekubali, mahari si mabaya. Wameomba tu siku ya kupeleka mahari aje mshenga mwingine, au mimi nije jioni.

Kwa wanaouliza kuhusu uso: sabuni haitoi, ndimu haitoi, jiwe la kusugulia miguu msijaribu. Fedha imeshaingia kwenye ngozi yenyewe, unasubiri ngozi ijivue. Wapiga picha wa karne ya 19 walikuwa wanajitoa madoa kwa sianidi, ndiyo, sumu hiyohiyo, na wapo walioondoka pamoja na doa. Mimi nimechagua barakoa. Nikienda dukani nakohoa kidogo ili isionekane naringa.

Na kabla hamjaniita mchafu, Julia Margaret Cameron, mama wa watu kwenye kisiwa cha Wight huko Uingereza, ambaye picha zake leo ziko kwenye makumbusho makubwa, alikuwa anakimbilia chumba cha kulia na vioo vibichi kumwonyesha mumewe, akaharibu vitambaa vya meza kwa nitrati ya fedha mpaka mwenyewe akaandika kwamba nyumba isiyo na uvumilivu ingemfukuza. Vitambaa vya meza vyake, lakini. Vya kwake mwenyewe.

Maana kanzu ile si yangu. Sikuwaambia? Ni ya baba mdogo wa bwana harusi, ya Oman, aliniazima kwa sababu yangu ilikuwa na doa la chai. Nimeiloweka kwenye jiki. Madoa yakapauka, yakatoweka kabisa, nikamwita mke wangu aje ashuhudie, tukaianika kwa furaha. Mchana jua lilipopanda nikatoka kuitoa kambani, na doa moja moja lilikuwa linarudi mahali pake, kwa sababu jiki ilikuwa imeigeuza fedha kuwa kloridi tu, na jua likamalizia. Sasa nimebakiwa na wazo la kuisuuza sana kwa maji kisha kuizamisha kwenye fiksa, nusu usiku, chini ya taa ya vifaranga. Baba mdogo anapiga simu tangu asubuhi. Mkimwona, mwambieni niko dakrumu.